Njia Zisizokufa

Jumatatu, 3 Machi
Siku mbaya. Programu inayobeba simu za video za hospitali yetu ilikwama, nikaizima na kuiwasha upya. Kumbe Daktari alikuwa anaongea na mzee mmoja wa zahanati ya mbali. Alifika kwenye "Mzee, hivi vidonge usi..." na kimya. Njia za mtandao tunazotumia si za waya, zinatengenezwa na programu yenyewe. Ikizimwa, zinakufa nayo. Daktari akateremka hadi chumba cha mashine, akaniuliza mzee ataimaliziaje ile sentensi. Nikasema huenda akabahatisha. Hakucheka. Mkuu wa kitengo chetu katangaza: atakayetibu tatizo hili ndiye kiongozi wa zamu. Mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Yaani mimi.

Jumanne, 4 Machi
Miwani kaniambia, huku akikoroga chai, kwamba njia zitengenezwe na mashine kabla programu haijaamka. Programu iwe mpangaji: ahame, arudi, nyumba ipo palepale. Nikamwambia hayo ni mawazo ya kitoto. Chai yake haijapoa, mimi niko ofisini kwa Mkuu nayaeleza. Akasema nina kichwa. Nikakubaliana naye.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya. Programu nimeizima, njia zipo! Nikamwonyesha Mkuu, mhasibu, hata mama wa usafi, kila mmoja kwa kuzima na kuwasha upya. Mama wa usafi kauliza aangalie nini, maana haoni kilichobadilika. Nikamwambia ndiyo uzuri wenyewe. Nyumbani nimemtaka mke wangu aanze kuzoea kuitwa mke wa kiongozi. Kauliza kama nimejaribu mtu akiwa anaongea. Watu wengine hawajui kufurahi.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu. Programu kila ikiamka haizitambui njia za zamani. Inajitengenezea mpya kando. Kwa maonyesho yangu ya jana zimeota kama uyoga. Sauti ya Daktari inapita njia hii, mgonjwa anasikiliza ile. Mama mmoja alipigiwa kuelezwa hali ya mwanawe, akaona midomo tu, akaangua kilio akidhani ni msiba. Mtoto ana mafua. Nilipoambiwa nikakosa pa kuweka uso. Miwani akavuta kiti.

"Sogea, kaka. Kila njia tuipe jina la kudumu, na programu tuiamuru ishike yenye jina hilo, isizae nyingine."

Tukafuta za ziada moja moja. Wazo lake la Jumanne nililipeleka kwa Mkuu kwa jina la nani, hakuuliza. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Tumezima na kuwasha Daktari akiwa katikati ya maelezo. Picha ikaganda kidogo, kama mtu aliyepepesa jicho, kisha akaendelea. Hakujua lolote. Kabla sijafungua mdomo, Mkuu kampa Miwani uongozi. Kumbe lile wazo Miwani alimweleza wiki iliyopita, na Mkuu alikuwa anangoja kuona nani ataliweza. Nimempongeza. Kwa moyo mweupe, karibu wote.

Jumamosi, 8 Machi
Mkuu kauliza kama simu za wodini nazo zinaweza kuhamia kwenye mfumo huu. Miwani akaomba wiki mbili achunguze kwanza. Nikamwonea Mkuu huruma, nikamwambia Jumatatu asubuhi zitakuwa tayari. Mashine ya simu za wodini sijawahi kuiona. Natafuta mtu wa kunielekeza ilipo.