Simi ya Babu Inang'aa Mno

Jumamosi, 5 Julai
Mzee Nyaga, baba yake Ruguru, amesema binti yake haolewi nje ya ukoo wa mashujaa. Ushahidi uletwe Jumamosi ijayo: simi ya zamani, ule upanga mfupi wa vita. Tunaomshindania tuko wawili, mimi na Mwiti, Mmeru mwenye mabega. Ruguru ananipenda mimi, lakini baba ni baba. Bahati nzuri shosho, bibi yangu wa Kiambere, anayo simi ya babu mzaa babu! Mwiti kwisha.

Jumapili, 6 Julai
Nimeichukua. Shosho anasema ameipaka mafuta ya mbarika tangu aolewe, kama mama mkwe alivyomwagiza. Nisiigusishe maji. Balaa! Inang'aa kama kijiko kipya. Nani ataamini ni ya kale? Kitu cha kale lazima kionekane kimeteseka.

Jumatatu, 7 Julai
Rafiki yangu Munyi ana shamba la ndizi Mitunguu, linanyweshwa kutwa. Tumeizika simi chini ya mgomba. Nikaongeza chumvi na mkojo wa mbuzi. Munyi ameuliza kama nina hakika. Watu wasio na maono huchosha.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeifukua. Kutu tele! Mpini nao umeanza kuoza. Nimetokwa na machozi ya furaha.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu. Mzee Nyaga aliagiza bega la mbuzi, akataka kila simi ilikate. Ya Mwiti ilipita kama kwenye ugali. Yangu ilikwama, ikavunjika, ncha ikatumbukia kwenye supu ya mzee. Akaeleza kwamba shujaa halazi simi na kutu. Watu wake huipaka mafuta vizazi na vizazi. Yangu ni bandia. Ya Mwiti ni halisi. Halisi! Imefuliwa kwa springi ya lori, na karatasi ya bei bado iko kwenye ala! Nilipoionyesha nikaambiwa nina wivu.

Ruguru alinifuata getini. Nikamweleza yote.

"Njagi, ulikuwa na ya ukweli ukaenda kuizika kwa ndizi? Hata mimi ningekukataa."

Inauma sana.

Jumatano, 16 Julai
Ruguru amembembeleza baba yake. Nafasi ya mwisho: nilete kigoda cha ukoo. Shosho, ambaye bado hajui habari za simi, amenipa cha babu yule yule, cheusi tii kwa moshi na makalio ya wazee. Safari hii nimejifunza. Mzee anapenda vitu vinavyong'aa. Nimekipiga msasa mpaka kikawa cheupe, nikapaka vanishi mara tatu. Mwiti kwisha.