Sweta la Mjukuu kwa Hesabu Kamili

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la wengi wanaoanza kufuma ni kutohesabu. Wanasifia rangi ya uzi, wanapiga soga, na vitanzi vinatoroka kimoja kimoja kama wanafunzi wa kipindi cha mwisho. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Mimi hanitoroki mtu.

Sababu ya kushika sindano: binti yangu anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi. Sweta lake la kwanza alilifuma marehemu mama yake. Nimemwahidi kwamba mjukuu atatoka hospitali amevaa kitu kilichofumwa upande wetu. Akauliza nani atakayekifuma. Nikasema mimi. Akauliza tena.

Kikwazo ni baba mkwe wake. Dereva wa malori huyu, sasa mstaafu, alijifunza kufuma akisubiri foleni za mizani. Anafuma huku anatazama mpira. Sweta lake limekwisha. Sasa yuko kwenye soksi.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbili, safu tisa. Sweta zima linahitaji safu mia mbili na themanini. Kwa mwendo huu nitamaliza Agosti.

Nimebuni mpango. Tangazo mlangoni: darasa la bure kwa wanaoanza kufuma, maswali yote yatajibiwa. Kila mwanafunzi atapewa zoezi. Zoezi la kwanza ni mgongo wa sweta. La pili ni kifua. Hawana haja ya kujua ni la nani. Mikono nitaifuma mwenyewe. Ni kazi ndogo.

Wamekuja wawili. Mmoja ni Fundi, mshona viatu wa hapo kona. Mwingine ni bibi aliyekuwa karani wa posta, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Posta. Uzi mmoja, sindano za unene mmoja, vitanzi hamsini na sita, safu themanini. Nikawaeleza kwamba hamsini na sita ni hamsini na sita, awe anafuma waziri au mfungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Maswali yamefurika. Kitanzi cha Fundi kilianguka kikaanza kushuka safu hadi safu. Hilo nilikuwa nimelisoma asubuhi. Nikamwambia akichomeke pini kisiendelee, kisha akipandishe kwa kulabu, ngazi moja moja. Kikapanda. Akanitazama kwa heshima.

Mama Posta akaharibu mambo. Alianza na vitanzi hamsini na sita, sasa anavyo sitini na moja, akataka kujua hawa watano wamezaliwa lini. Nikamjibu kwamba hilo ni la somo lijalo, nikaingia ndani kumpigia simu Dereva. Nikasema kuna mwanafunzi wangu mmoja ana shida. Dereva akasema nimsalimie sana huyo mwanafunzi.

Maelezo yake: mwanzoni mwa safu uzi uachwe ushuke chini. Ukiupandisha juu ya sindano, kitanzi cha kwanza huonekana viwili, na mtu huvifuma vyote. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kila mtu ana mkono wake, kwa hiyo kila mmoja afume kwanza kipande kidogo cha majaribio, akipime kwa rula. Nikamshukuru. Kipande cha majaribio ni cha wasiojua kugawanya.

Jumanne, 11 Juni

Kila alasiri nahesabu vitanzi vyao, safu kwa safu. Hakuna kilichopungua, hakuna kilichozidi. Mkono wa sweta naufuma huku nawasimamia. Mama Posta akauliza mbona changu sikihesabu. Nikamwambia mwalimu hafanyi mtihani.

Alhamisi, 13 Juni

Mazoezi yamekusanywa. Sielewi.

Fundi anavuta uzi kama anashona soli. Mgongo wake ni mdogo kama bahasha, tena unasimama wenyewe mezani. Mama Posta anafuma huku anasimulia, uzi unamfuata taratibu. Kifua chake ni foronya ya mto. Nimehesabu mara tatu. Hamsini na sita kwa themanini, vyote viwili. Fundi akauliza kwa upole huyo mvaaji amefura kifua tangu lini.

Mama Posta akasema tuache mchezo, zoezi gani lina shingo. Walijua tangu siku ya pili. Akasema ningewaomba tu wangefuma. Nikamweleza kwamba mwanafunzi akijua lengo hupoteza umakini. Akasema haya, Mwalimu.

Suluhisho: nitachemsha kifua kinywee, nitalowesha mgongo na kuuvuta kwa misumari.

Ijumaa, 14 Juni

Kifua kimenywea mno. Ni kinene kama zulia la mlangoni na sasa ni kidogo kuliko mgongo. Mgongo haukuvutika, misumari ndiyo iliyopinda.

Saa tano simu ikalia. Mtoto amewahi. Msichana, mzima, mama yake mzima. Wanatoka kesho. Nina mkono mmoja wa sweta.

Jumamosi, 15 Juni

Nimehesabu mkono wangu nikiwa kwenye benchi la wodi. Ulianza na vitanzi thelathini na sita. Umeishia sabini na nne. Unapanuka kama tarumbeta. Nikaurudisha mfukoni.

Binti yangu akauliza Baba umeleta nini. Nikasema uzi umechelewa dukani. Akanyoosha kiganja. Nikautoa mkono wa sweta. Akaugeuza huku na huku, akauliza kama nimeufuma mwenyewe, wote. Nikakiri. Nilijua anamfikiria mama yake.

Dereva akauchukua. Akasema kwa mkono haufai hata wa tembo. Kisha akachomoa sindano kwenye kola ya shati, akapitisha uzi upande mwembamba, akaukaza, akafunga fundo. Akamvisha mtoto kichwani. Ukamkaa sawasawa, hadi masikioni.

Nilipotaka kuuchukua nikaupunguze, binti yangu akasema niache, hautoki hapo. Mjukuu ameondoka na sweta la Dereva na kofia yangu.

Jumapili, 16 Juni

Tathmini. Mpango ulikuwa sahihi. Kofia ndiyo inayoonekana kwanza.

Kasoro ilikuwa idadi ya wafumaji. Wakiwa wawili, anayekaza na anayelegeza wanaonekana wazi. Wakiwa kumi na wawili, makosa yatafidiana na tutapata wastani. Blanketi la mjukuu: vipande arobaini na vinane, vinne kwa kila mwanafunzi, vitanzi thelathini kila kipande. Dereva amepiga simu kukumbusha kipande cha majaribio. Nimemwambia sina muda wa majaribio, nina watoto wa watu wa kufundisha.

Leo: tafuta wanafunzi kumi, na usiwaambie ni blanketi.