Udongo Mweusi wa Babu Breki

Asubuhi hiyo kahawa ilitukuta tumeshapandisha mori. Redio ya muuza kahawa ilikuwa imetangaza kwamba ujenzi wa hospitali, ng'ambo ya barabara yetu, umesimama. Katapila limefukua udongo mweusi unaonuka mafuta, na mkandarasi anasema hakuutarajia.

“Hakuutarajia!” Babu Breki, fundi magari mstaafu, akalipiga benchi kofi. “Ghorofa tisa, halafu hujui unachimba nini? Wangepima!”

“Walipima, Babu,” alisema Tani Kumi, dereva wa lori la kifusi pale pale kiwanjani. “Walitoboa vishimo vitatu. Vyote karibu na geti, penye kivuli.”

“Mimi suruali napima kiuno mpaka kisigino,” akadakia Fundi Cherehani. “Wao wamepima mfuko tu, wakakata kitambaa!”

“Sasa wamepata adabu,” akaendelea Tani Kumi. “ Udongo umefunikwa turubai, hugusi bila glovu. Wanasema ni sumu.”

“Na ule uliobeba mwezi uliopita, kabla hawajashtuka, ulimwaga wapi?” nikauliza. Umbea wangu utaniponza siku moja.

Tani Kumi akakuna kisogo, akamtazama Babu Breki. “Babu, si wewe uliyenisimamisha njiani? ‘Mwanangu, udongo mweusi namna hii ni mbolea tupu, mwaga kwangu.’ Nikamwaga lori zima.”

Kikombe cha Fundi Cherehani kikagandia hewani. “Zile mboga ulizotugawia juzi?”

“Ukazisifia ladha,” nikamkumbusha. Mimi mwenyewe nilikula sahani mbili.

“Acheni woga!” Babu akafoka. “Miaka thelathini nimeoga oili, nimekufa?”

Kabla hatujamjibu, mhandisi wa kike akavuka barabara, kofia ngumu kichwani, karatasi mkononi.

“Shikamooni wazee. Pale kiwanjani zamani palikuwa na gereji. Namtafuta anayekumbuka oili chafu ilimwagwa wapi. Tukijua, tutaondoa sehemu hiyo tu. Tusipojua, tutafukua kiwanja kizima, na hospitali itachelewa mwaka.”

Marahaba ilitutoka kinyonge. Gereji ilikuwa ya nani, kila mtu pale alijua. Babu Breki, aliyekuwa akitupigia kelele tangu asubuhi, akainamia kikombe kama anasoma gazeti ndani yake. Nilimwonea aibu, na huruma kidogo.

Fundi Cherehani akamsogelea. “Babu, mjukuu wako jana kala nini?”

Babu akaweka kikombe chini. Kisha akasimama, magoti yakilia.

“Andika, mama. Nyuma ya chumba cha betri, chini ya ukuta wa mwisho. Shimo nililichimba mwenyewe. Kila oili chafu niliyoitoa kwenye gari la mtu, niliimalizia humo.”

Mhandisi akaandika mbiombio. “Asante sana, baba. Na ule udongo wa mwanzo, nani anajua ulipo?”

“Upo kwangu. Ila nitangulie, mjukuu huwa anachuma mboga za mchana saa hizi!”

Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki chini ya benchi. Mhandisi akamfuata.

“Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe,” nikasema.

Tani Kumi akatikisa kichwa. “Huyu hakuingia. Huyu kaagiza shimo limfuate nyumbani kwa lori.”