Msemaji wa Bendi ya Kutu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya arobaini na moja tangu shemeji ahamie sebuleni kwangu. Na hakuja peke yake. Kaja na gitaa, spika mbili zenye urefu wa mke wangu, na ngoma za rafiki yake muuguzi wa meno. Bendi inaitwa Kutu. Inapiga roki. Matoazi yamewekwa kwenye kiti changu cha kuegemea, kwa muda. Mimi, na miaka yangu hamsini na miwili, nasomea gazeti jikoni nikiwa nimekalia ndoo.

Leo mke wangu katoa hukumu. Jumamosi bendi ina onyesho lake la kwanza, ukumbi wa jumuiya. Wakipata watu hamsini, mama msimamizi wa ukumbi atawapa stoo ya nyuma wafanyie mazoezi. Wasipowapata, wanabaki sebuleni. Ni mdogo wake, kasema, hamtupi.

Hamsini. Hata majirani, ambao wanawasikia bure, hufunga madirisha.

Hawa wanahitaji msemaji. Nimejiteua. Miaka ishirini na miwili nauza magodoro. Niliyeweza kuisifia sponji hadi mteja akatokwa na machozi, nitashindwa na gitaa?

Jumanne, 4 Juni

Tangazo tayari. Nimeliandika dukani, wateja wakisubiri. Nalinakili hapa kwa faida ya vizazi: "KUTU! Bendi ambayo dunia imekuwa ikiisubiri bila kujua. Gitaa linalowasha moto. Ngoma zinazobomoa kuta. Sauti inayong'oa paa. Ukiingia, hutatoka kama ulivyokuwa."

Nikaweka kalamu chini. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenigusa.

Shemeji akasoma mara mbili, akauliza mbona hakuna saa wala mahali. Nikamwambia saa na mahali ni mambo ya ratiba za mabasi. Akasema, shem, sisi tuna nyimbo sita tu, na wa sita bado hatujaumaliza. Nikaongeza mstari: "Hazina ya nyimbo isiyo na mwisho." Mtu asiniite mwongo.

Mchora mabango, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka letu, alilisoma kwa sauti mbele ya wateja wangu. Kisha akauliza kama hiyo ni bendi au ni tetemeko la ardhi. Mama mmoja alicheka hadi akasahau godoro alilokuja kununua.

Wivu huo.

Jumatano, 5 Juni

Nimebandika nakala sitini. Moja mlangoni pa ukumbi wenyewe, mahali pa heshima.

Saa nane mchana mama msimamizi akaingia dukani, tangazo mkononi. Nikadhani anataka saini yangu. Akaketi kwenye godoro la maonyesho, akavaa miwani, akalipitia mstari kwa mstari kama mkataba wa nyumba. Moto utawashwa upande gani? Kuta zitakazobomolewa ni zipi, maana za mbele zimepakwa rangi mwezi uliopita? Na hilo paa, likishang'olewa, nani analirudisha?

Nikamweleza kwamba hiyo ni lugha ya kisanaa. Akasema ukumbi wake hauna bima ya lugha ya kisanaa. Mwaka juzi watu wa harusi waliahidi kwa mdomo tu sherehe ya kukata na shoka, akawachekea, na mpaka leo meza moja ina pengo. Tena wewe baba, akaniambia, umeweka kwa maandishi.

Kafuta onyesho.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu hasemi nami. Shemeji hakula. Alikaa na gitaa mapajani bila kulipiga, na ule ukimya niliouomba siku arobaini na tatu ukanikaa vibaya. Akasema kwa upole kwamba miaka kumi na mitano anatengeneza friji za watu akiisubiri jioni moja tu. Nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa visafi.

Halafu wazo likaja. Kama mama anaogopa sifa, nitamwandikia sifa nyingine. "KUTU. Bendi tulivu kuliko zote duniani. Gitaa baridi kama barafu. Ngoma ambazo hazijawahi kumwamsha mtu. Kuta zote zilizowasikia zimesimama hadi leo. Watoto wachanga hulala fofofo."

Mama msimamizi akasoma, akatabasamu, akarudisha onyesho. Akagonga na mhuri.

Shemeji alilisoma hadi mwisho. Akauliza kama nimewahi kuandika kitu kilicho cha kweli. Nikamwonyesha mhuri.

Ijumaa, 7 Juni

Usaliti. Njia panda kuna ubao mpya, kazi ya mchora mabango: "Muziki wa gitaa na ngoma. Kesho saa kumi alasiri. Ukumbi wa jumuiya. Wanajitahidi."

Wanajitahidi. Nimeona aibu kwa niaba ya lugha.

Nikamfuata nimuulize nani kamtuma. Shemeji yako, kasema, kanitengenezea friji. Akanipa soda ya baridi kabisa. Nikainywa ili tu nisimpe raha ya kuniona nimekasirika.

Jumapili, 9 Juni

Jana. Watu sitini na wanne. Nilisimama mlangoni na penseli, nikimuuliza kila mmoja tangazo gani limemleta. Sitini walisema ubao. Walitaka kuona watu wanaojitahidi. Waliokuja kwa maneno yangu ni wanne: akina mama watatu wenye watoto wachanga, walioondoka kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati, na wakala wa bima.

Wimbo wa sita ulikatika pale wanapoishia siku zote. Watu wakadhani ndivyo ulivyotungwa, wakasimama na kupiga makofi. Shemeji akalia. Mama msimamizi alizunguka akigusa kuta kwa kiganja, moja baada ya nyingine, kisha akampa ufunguo wa stoo.

Jukwaani shemeji alimshukuru mchora mabango. Mimi alinishukuru kwa uvumilivu.

Jumatatu, 10 Juni

Spika zimeondoka asubuhi. Nimekaa kwenye kiti changu. Kimya. Gazeti. Chai.

Nilivumilia dakika ishirini. Halafu nikaona si haki chumba kilichoizaa Kutu kibaki hakijulikani. Nikaandika karatasi moja tu, nikaibandika getini: "SEBULE ILIYOZAA HISTORIA. Mwangwi wa mbinguni. Kila aliyeingia na chombo cha muziki alitoka nyota. Milango i wazi."

Saa kumi na moja hodi. Kikundi cha matarumbeta, watu kumi na wanne. Kiongozi wao kasoma, kaguswa, anauliza waanze mazoezi leo au kesho. Mke wangu, ambaye hajui kumrudisha mgeni, kawakaribisha ndani. Tarumbeta kubwa kuliko yote limeketi kwenye kiti changu, kwa muda.

Kiongozi kaniuliza mwandishi wa yale maneno ni nani, maana wanatafuta msemaji. Nimemwambia anazungumza naye. Mstari wa kwanza tayari ninao: "Pumzi inayohamisha milima."