Lita Moja Tu ya Spiriti

Jumapili, 3 Machi
Mke wangu ametoa amri. Gari langu la mbio litoke kwenye chumba cha uani, mama yake ahamie humo. Mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa jicho Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi. Nafasi hiyo ameisubiri miezi saba. Akichelewa, anarudi mwisho wa foleni. Nikasema gari lile si kuku wa kufukuzwa chumbani. Mke wangu akauliza limewahi kufanya kazi gani zaidi ya kunguruma. Swali la kuudhi! Kwa hasira nikaapa kwamba litampeleka Mama hospitali. Tukakubaliana: likimfikisha kwa wakati, linabaki chumbani. Likishindwa, linakwenda kulala nje.

Ubaya ni kwamba mwanyumba wangu alikuwepo. Ni mume wa mdogo wake mke wangu, msambaza mikate, mwenye kigari kinachopanda mlima kwa kuomba radhi. Akasema kwa upole kwamba Alhamisi ana nafasi. Nani kamuuliza?

Jumatatu, 4 Machi
Gari limepoteza makali. Lakini dawa ninayo! Mimi ni mtunza maabara wa sekondari, na kabatini kuna dumu zima la spiriti ya taa za majaribio. Magari ya mashindano makubwa yanakunywa spiriti, hilo linajulikana. Dumu nimeliazima.

Nikapita kwa fundi ili anisifu. Hakunisifu. Alisema magari yale yameundwa kwa spiriti tangu mwanzo, pampu na mipira yote. Langu limeundwa kwa petroli. Spiriti italainisha mipira, itabandua uchafu wa miaka yote tangini, na uchafu utakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya umeme, ambayo imekaa humo humo ndani ya tangi. Aliongea sana. Mimi nikashika lililo muhimu: spiriti husafisha tangi.

Nimetia lita kumi.

Jumanne, 5 Machi
Gari limeruka! Watu wamegeuka! Nimepaa kutoka getini hadi duka la dawa.

Hapo likazimika.

Fundi akaja, akang'oa kiti cha nyuma, akaitoa pampu. Nyeusi tii. Mpira wake umevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Tangi amelimwaga na kuliosha. Pampu halisi ya gari hili itachukua wiki mbili kufika. Nikamsihi anifungie ile kuukuu iliyokuwa rafuni, iliyotoka kwenye gari dogo. Akasema tunduni itaingia, ila injini kubwa namna hii itaishinda. Basi niendeshe pole pole. Tena tangi liwe limejaa, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu, bila hiyo inaungua. Na spiriti nisiiguse. Nikaitikia yote. Kuitikia hakuna gharama.

Jumatano, 6 Machi
Jioni nimemkalisha Mama mkwe kiti cha nyuma kwa mazoezi. Macho yake yanaona ukungu tu. Lakini masikio yake ni makali, mtihani! Hata hatujatoka getini, akauliza ni kitu gani kinalia chini yake. Nikamweleza kwamba huo ni mlio wa nguvu. Akauliza kama nguvu huwa inaumwa hivyo. Nikafungulia redio.

Baadaye nikapata wazo ambalo fundi hawezi kulipata hata akizaliwa upya. Tangi lililojaa ni zito. Gari jepesi hukimbia! Nimenyonya petroli kwa mpira hadi mshale umelala. Hospitali ni kilomita kumi na moja, mafuta yanatosha kabisa. Halafu nikaongeza lita moja ya spiriti. Moja tu. Ya kutia moyo.

Alhamisi, 7 Machi
Tumeondoka saa moja na dakika kumi. Pale kona nimemkuta mwanyumba na kigari chake, boneti juu, ameinamia injini. Nikampigia honi mbili za pole. Maskini!

Kilomita tisa za fahari. Kisha mlima wa hospitali. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Kilio cha chini ya kiti kikapanda, kikapanda, kikakatika. Kimya! Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono mbele ya benki, watu wakazunguka, kila mmoja na ushauri wake. Saa moja na nusu. Kwa kweli niliogopa. Niliona miezi saba ikibingirika kuteremka mlima, na mimi ndiye niliyeisukuma. Nikamwambia Mama kwamba gari linapumua kidogo.

Mama alitoa mkono dirishani, akapunga leso.

Kigari cha mikate kikaja kutoka nyuma yetu. Boneti haikuwa na shida yoyote! Mama ndiye aliyempigia mwanyumba simu jana, atungoje pale kona kisha atufuate, kwa sababu ya kile kilio. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akanishika bega, akasema, "Baba, mabovu ni macho tu."

Mama akahamia kigarini, wakafika kabla ya saa mbili, kwa kuomba radhi mlima mzima. Mimi nilifika kwa miguu.

Ijumaa, 8 Machi
Upasuaji ulikwenda vizuri. Asubuhi bendeji imetolewa, na Mama amehamia chumba cha uani. Gari langu liko nje chini ya turubai. Nimekubali. Kila mtu ana furaha, na mimi pia.

Kesho Mama anarudi kliniki kukaguliwa, na kigari cha mikate kimelala kwetu kumsubiri. Nimefikiri sana namna ya kumshukuru mwanyumba. Ule mlima! Mgonjwa hawezi kubebwa kwa mwendo wa konokono. Na dumuni imebaki lita moja.

Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi la kigari niliposikia dirisha la chumba cha uani likigongwa. Mama mkwe, jicho jipya wazi kabisa. Akauliza dumu lile lina nini. Nikasema ni maji ya rejeta. Akasema rejeta iko mbele.

Basi jicho linafanya kazi, tunashukuru. Nimefunga kifuniko, nimeliweka dumu chini ya turubai.

Saa nane usiku Mama huwa amelala. Lita moja inaingia kwa dakika mbili.