Nakuachia Gari

Aliyeitwa Daktari hakuwahi kusoma udaktari, na hata ufundi wa magari aliuokota njiani. Jina alilipata kwa sababu ya kile kipimo cha mapigo ya moyo alichokining'iniza shingoni. Alikinunua kwenye mitumba, akakitumia kusikilizia injini za watu wenye haraka. Kila asubuhi alizunguka maegesho ya posta na chupa ya dawa ya kikohozi mfukoni, ndani yake oili chafu. Aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, akadondosha matone mawili matatu chini ya gari, kisha akamsubiri mwenye gari kwa uso wa msiba.

Jumatano hiyo aliinama kando ya gari dogo jeupe, la zamani lakini lililotunzwa, viti vyake vimevikwa vitambaa vya kufuma. Akafungua chupa. Akasita. Chini ya injini palikuwa na tone tayari, na la pili lilikuwa linaning'inia, likijishauri.

Gari lilikuwa linavuja kweli.

Daktari aliona haya, kama mwizi aliyekuta mlango wazi na mwenye nyumba akimkaribisha chai. Halafu akaanza kufikiri. Jumamosi alitakiwa kwenda kutambulishwa ukweni. Kwa miezi minne alikuwa amemwambia mchumba wake kwamba ana gari, ila ni bovu kidogo. Mama wa binti, mwanamke asiyemeza neno bila kulitafuna, alikwishatoa hukumu: kijana aje na hilo gari, au asije kabisa. Binti mwenyewe alianza kuchoka kumtetea. Na Daktari, pamoja na uongo wake wote, alimpenda binti yule. Katika mambo yote aliyoyafanya mjini, ni hilo tu lisilokuwa na hila.

Mwenye gari alitoka posta na bahasha mkononi. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Daktari alimpa shikamoo ya heshima zote, akamwonyesha matone, akaweka kipimo juu ya boneti na kufumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu. Alipofumbua, alitikisa kichwa kama mtu anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu.

Alieleza kwamba injini imeoza ndani, na siku yoyote itakwama katikati ya barabara imuue mtu. Kuitengeneza ni kumnunulia maiti viatu. Angekuwa mama yake mzazi angemshauri aachane nalo leo hii, na yeye, kwa huruma tu, angemwondolea mzigo.

Mwalimu alivaa miwani, akamtazama, akalitazama tone, akavua miwani.

"Mwanangu, sina tena nguvu za kuhangaika na mafundi," alisema. "Nakuachia gari."

"Unaniachia?"

"Nakuachia. Ufunguo huu hapa. Kadi ya gari iko kabatini nyumbani. Ijumaa jioni uje nalo, tumalize."

Akamwelekeza kwake, nyumba ya geti la kijani nyuma ya shule, akaenda zake kwa miguu.

Sasa, fundi ana mkono wa kutengenezea gari la mtu na mkono wa kutengenezea lake. Daktari hakuwahi kukutana na huo wa pili, na alistaajabu kuona ni wake. Aliisugua injini kwa mafuta ya taa na brashi mpaka ikang'aa. Akaikausha, akainyunyizia poda ya watoto, akaiwasha. Baada ya dakika chache poda ililowa mstari mmoja mwembamba, pembeni mwa kifuniko cha juu. Ugonjwa wote ulikuwa hapo: gasketi ya mpira iliyokauka kama biskuti ya mwaka jana.

Alikwangua mabaki taratibu asikwaruze chuma. Dukani, muuza vipuri, ambaye ni mwenzake wa siku nyingi, alimpa gasketi bandia kama kawaida yao, Daktari akairudisha. Akaitaka halisi. Mwenzake akamuuliza kama anaumwa.

"Hili ni langu," Daktari alimnong'oneza.

Alikaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, hii na ile ya upande wa pili. Akabadilisha oili na chujio. Asubuhi ya Ijumaa alivuta karatasi nyeupe aliyoitandika chini ya injini. Haikuwa na hata doa. Aliishika kwa ncha za vidole kama cheti.

Jioni, Mwalimu alifungua boneti, akapitisha kidole ukingoni mwa kifuniko, akakitazama. Kidole kilikuwa safi. Akanyoosha mkono, akapewa ufunguo, akautia mfukoni.

"Ahsante, mwanangu. Karibu chai."

"Na kadi, Mwalimu?"

"Iko kabatini. Haijasogea."

"Si ulisema unaniachia?"

"Na nilikuachia, Jumatano mpaka leo. Ukimwachia jirani mtoto uende sokoni, ukirudi utamkuta kabadilishwa baba?"

Daktari aliuliza, kwa sauti ndogo, kuhusu lile neno "tumalize". Mwalimu akasema si ndiyo wamemaliza. Mafundi watatu wamelilaza gari lile, kila mmoja akaacha kitone ili arudiwe. Alihitaji fundi atakayedhani ni lake.

"Ulinijua saa ngapi?"

"Ulisikiliza injini iliyozimwa, mwanangu."

Daktari alikaa kwenye ngazi na kumweleza yote, mchumba, mama mtu, Jumamosi. Ukweli ulimtoka kwa taabu, kama nati yenye kutu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akafuta miwani, kisha akasema kesho saa nne awe amevaa.

Jumamosi Mwalimu ndiye aliyeendesha, Daktari pembeni yake amevaa koti. Mama wa binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, binti nyuma yake.

"Gari lako ndilo hili?"

Daktari alimtazama binti. Alikuwa na jibu tamu tayari ulimini.

"Hapana, mama," alisema. "La Mwalimu. Mimi sina gari. Nililitengeneza tu."

Binti aliinamisha uso. Mama alilizunguka gari pole pole, akainama, akachungulia chini, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Mwalimu akamwambia mafundi watatu walishindwa. Mama akajinyoosha.

"Kumbe una kazi mikononi, ukatuletea maneno." Akaelekeza kidole nyuma ya nyumba. "Kuna jenereta pale, inavuja oili tangu mwaka juzi. Na mashine ya kusaga ya shangazi yake, na pikipiki ya mjomba."

Daktari aliuliza aanze na ipi.

"Jenereta," alisema mama, akanyoosha mkono. "Lete hilo koti nikushikie, mkwe wangu, usije ukalichafua."