Akili Mpya ya Mashine ya Karafuu

Habari ilifika barazani kwa Mabrouk baada ya sala ya alasiri, kahawa ya kwanza haijamaliza kuzunguka. Aliyeileta ni Hamad Manowari, na Hamad habari haileti hivi hivi. Kwanza alikaa, akavua kofia, akaipangusa vumbi lisilokuwapo, akasubiri tumuulize. Hatukumuuliza. Mimi ndiye niliyewakonyeza wenzangu wanyamaze, maana bwana huyu alipata kupika melini zamani za Waingereza, na tangu hapo hakuna kitu duniani asichokijua. Ananichosha.

"Imekufa tena," alisema mwishowe, mwenyewe.

"Nani?" akauliza Mabrouk, dele la kahawa mkono mmoja, vikombe mkono wa pili.

"Kompyuta. Imewaka, imesoma kadi mbili tatu, imekoroma, imezima. Tokea asubuhi hiyo ndiyo kazi yake."

Mwaka ule wa sabini na mbili kila mtu mjini alikuwa ameshaisikia mashine hiyo, ingawa walioiona walikuwa wachache. Iliwekwa katika ofisi moja ya maghala, jina lake nalihifadhi, ihesabu magunia ya karafuu yanayoingia na yanayotoka. Sisi barazani tuliipa jina la Akili ya Bati. Akili yenyewe haikuzaliwa nayo. Ilikuwa ikilishwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu, na matundu yale ndiyo yanayoiambia la kufanya. Ilihesabu vizuri muda mrefu tu, hata wapimaji wenye vidole vyepesi wakaanza kuiogopa. Halafu meli ikaleta kutoka Ulaya bunda jipya la kadi. Tukaambiwa hayo ni maagizo mapya, mashine sasa itahesabu upesi zaidi, tena itajua na daraja za karafuu. Tangu ilishwe akili mpya hiyo, haijapata kufika mwisho wa hesabu hata siku moja.

Tungecheka tu, tukanywa kahawa yetu, lau si Bakar Swichi. Bakar, kijana wa Jang'ombe, ndiye aliyekuwa akiilisha mashine hiyo. Na Bakar huyo huyo alikuwa amepeleka posa kwa mwenzetu wa baraza, Usi Fatiha, amuoe binti yake Mwanakheir. Usi alipewa jina la Fatiha kwa sababu hapakuwa na shughuli mjini, iwe ya kuzaliwa mtoto, kuhamia nyumba au kufungua duka, iliyoanza bila ya dua yake. Posa aliipokea kwa bashasha. Kila aliyepita njia alimsimamisha kumwambia kwamba mkwe wake mtarajiwa anafuga mashine inayofikiri. Jawabu akasema atalitoa Ijumaa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Na mkuu wa ofisi, Bwana Abdulla, ameshamwambia Bakar kwamba kesho asubuhi wakubwa wanakuja kuitazama mashine. Wakiikuta imezima, Bakar atahamishiwa msituni Jozani, akawafukuze kima kwenye mashamba ya watu.

Hamad hajamaliza kutusimulia, Bakar mwenyewe akatokea kichochoroni, kikapu mkononi, uso umemshuka. Alitupa mkono mmoja mmoja, akafika kwa Usi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba," alijibu Usi, macho kwenye kikombe. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya muhogo, "Huko Jozani nyumba zipo?"

Bakar alihamishia kikapu mkono wa pili.

"Nauliza kwa sababu mie ilinijia posa ya fundi wa kompyuta. Posa ya mfukuza kima haijafika nyumbani kwangu."

Sikulipenda neno hilo, na nilimwambia. Akanijibu kwamba mwenye binti ni yeye, mimi nishone kofia zangu. Nilimwonea huruma yule kijana. Alikaa pembeni kabisa mwa baraza, nusu ya mwili iko nje.

Hapo ndipo matibabu yalipoanza. Barazani kwetu hapana mgonjwa asiyepatiwa dawa, na mashine haikuwa na bahati zaidi ya watu.

Hamad alisema ugonjwa anaujua. Akili mpya ni kubwa kuliko kichwa. Aliona mambo kama hayo katika bandari moja ya Ufaransa, ambako mashine ilitiwa akili ya ziada ikapasuka, na matundu ya kadi yakaokotwa mtaa wa pili.

"Tundu linaokotwa vipi?" nilimuuliza.

"Wewe hujasafiri," akanijibu.

Mabrouk yeye aliona mashine imechoka. Alimuuliza Bakar kama amejaribu kuizima, akaiacha ipumue, akaiwasha tena. Bakar akasema hiyo ndiyo kazi aliyoifanya wiki nzima, mpaka swichi imelegea. Mabrouk akasema basi pengine haikuachwa ipumue vya kutosha. Hamad akauliza habari ya umeme, kama hauji kwa mikikimikiki. Bakar akasema taa zote za ofisi zinawaka sawasawa na feni inazunguka, ni mashine tu ndiyo inayokoroma.

"Hebu niulize neno la kijinga," nikasema mimi. "Ilipokuwa na akili ya zamani ilikwama?"

"Haikukwama."

"Sasa si uirejeshee hiyo ya zamani? Wakubwa waje, waione inahesabu, waende zao. Hii mpya mtashughulika nayo baadaye."

Watu wakasema naam, hilo ni neno. Bakar akainamisha kichwa zaidi.

"Kadi za zamani sinazo," alisema. "Nilizigawa hapa."

Tukatazamana. Kweli. Zilipokuja mpya, yeye mwenyewe alitugawia zile kuukuu, na sisi tulizifurahia, maana karatasi ngumu namna ile ilikuwa haipatikani. Mabrouk alikuwa amezishona pamoja akafanya kipepeo cha jiko, na muda wote tuliokuwa tukizungumza alikuwa akiyapepea makaa kwa akili ya Serikali. Mimi nilikatia ruwaza za kofia. Hamad alienda nyumbani mbio akarudi na yake, moja tu, alikuwa ameitundika ukutani.

"Hii yangu nzima," alisema.

Bakar aliigeuza. "Na tundu hili la juu?"

"La msumari."

"Sasa hilo kwa mashine ni agizo, ami Hamad. Na sijui linaiamrisha nini."

Basi ya zamani hairudi. Usi akatikisa kichwa, akasema kijana asiyejua kutunza akili ya zamani ataitunza vipi nyumba. Alikuwa amepata mahali pa kusimama, na hakushuka. Akatuhutubia juu ya vijana wa siku hizi, haraka zao, na namna wanavyolaumu kadi ilhali kosa ni lao. Hapana kitu kilichoharibu mashine ile, alisema, ila mkono wa aliyeishika.

Bakar alivumilia, kisha akafunua kikapu. Bunda zima la kadi mpya lilikuwamo. Akasema amezichukua akazitazame nyumbani moja moja, na sisi tukipenda tuzitazame, maana yeye ameshachoka kuzitazama. Akachomoa moja akampa Mabrouk, Mabrouk akanipa mimi. Niliikunja kidogo, nikaona ina ulegevu, tena kingo zake zimevimba. Hamad aliipokea akaiinua juani asome matundu, akasema ni maandishi ya Kijerumani. Mabrouk akamnyang'anya, akaipeleka puani.

"Hii inanukia harusi," alisema.

Tukainusa sote kwa zamu. Marashi ya waridi, wala hayajifichi. Tukazitoa nyingine kikapuni, nazo vile vile.

"Zimerowa zikakauka," nikasema. "Zimefura. Mashine inajaribu kuzimeza, zinakwama kooni."

Niliona namna Bakar alivyokodoa macho. Alielewa jambo, halafu akafunga mdomo, tena akaufunga kwa nguvu. Nikamuuliza marashi yameingiaje ofisini. Alisema zilipofika kadi mpya Bwana Abdulla alifanya kishughuli kidogo, pakafukizwa udi, pakasomwa dua, na wageni na kadi wakanyunyiziwa marashi, kama inavyofanywa kwa kila kitu kipya.

"Nani aliyezinyunyizia?"

"Sikumbuki vizuri."

Muongo. Kijana anayekumbuka kila kadi na mahali pake, asikumbuke mtu. Lakini Hamad alikuwa ameshapata mshitakiwa, na mshitakiwa asiye na jina ndiye anayempendeza, kwani hawezi kujibu. Alisimama. Alisema huyo aliyeirowesha kompyuta ndiye wa kupelekwa Jozani, tena asipewe kazi ya kufukuza kima, akae nao wamfundishe. Alisema mtu huyo kichwa chake ni cha kuwekea kofia tu. Mabrouk akaongeza kwamba hata kima hamwagii maji chakula anachotaka kukila. Tulicheka mpaka machozi. Usi peke yake hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe kitupu vidoleni.

"Tena lazima ni mzee," Hamad akaendelea. "Wazee wa namna hiyo mrashi wa kunyunyizia wakiushika hawauachi mpaka..."

"Mrashi ulikuwa mdogo," alisema Usi.

Sote tukamgeukia.

"Kitu kipya kimekuja kutoka mbali, kimeingia nyumba ya Waislamu," akasema, sauti imempanda. "Kipokewe kikavu, kama gunia la simenti? N'nayafanya haya tokea hamjazaliwa nusu yenu. Nimewanyunyizia maharusi, nimewanyunyizia mahujaji, hapana hata mmoja aliyenifura."

Hamad alikaa polepole, akaanza kuipangusa kofia yake upya. Mimi nilimtazama Usi, na kusema kweli hasira zangu juu yake zilinitoka. Kikombe kitupu alikuwa akikipeleka mdomoni.

"Ami," alisema Bakar, "usijali. Kesho n'tamwambia Bwana Abdulla dirisha liliachwa wazi, umande wa bahari ukaingia."

"Na anayefunga dirisha nani?"

"Mimi."

"Si watakupeleka Jozani?"

"N'takwenda. Jina lako halitatajwa ofisini."

"Na mwanangu je?"

Bakar alikiinamia kikapu. "La huyo, ami, jawabu umeshanipa leo."

Mara hii Usi alimtazama usoni. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama kadi zinaweza kupigwa pasi. Bakar akafikiri. Akasema pasi ya makaa isiyokuwa na moto mkali, na kitambaa juu yake, huenda zikanyooka. Usi akanyoosha mkono akashika kikapu: Mwanakheir ana pasi nzuri, zitakuwa tayari kabla ya usiku kuingia. Bakar naye hakukiachia kikapu. Alisema zina mpango wake, ya kwanza ikawa ya pili, hesabu yote imeharibika, na anayeujua mpango huo ni yeye tu. Lazima awe pale pale kwenye pasi, azipokee moja moja.

"Bi Mwatima si yupo, apige yeye?" nikauliza. Huyo ni mke wa Usi.

"Yuko Makunduchi kwa dada yake."

Basi hapo tukakwama sote, kama kadi. Kijana akae chumbani na binti wa watu, si mumewe, eti wanapiga pasi mali ya Serikali? Jambo hilo halisemeki hata kwa Hamad. Usi alizunguka baraza, akaingia ndani kwake, mlango wa tatu kutoka pale. Alikuja kutuambia baadaye kwamba alikuwa amejiandaa kumweleza bintiye kwa kirefu, lakini Mwanakheir alisema amekubali kabla hajafika kwenye swali. Usi akatoka amevaa kanzu nyingine.

"Mahari tulishakubaliana siku ya posa," alisema. "Mabrouk, weka dele chini. Wewe na Hamad mashahidi. Bakar, sogea hapa, nipe mkono."

Bakar aliozeshwa pale pale barazani, miguu ina vumbi, kikapu cha kadi mapajani. Hamad alilia, na ninaamini yalikuwa machozi ya kweli. Usi aliinua mikono akasoma dua ndefu, kavu tupu. Kisha bwana harusi akaingia ndani na kikapu chake, na pasi ikatiwa makaa kutoka jiko la Mabrouk.

Asubuhi yake tumekaa, mara Bwana Abdulla huyo, anakuja na suruali yake ya kizungu, jasho linamtiririka. Wakubwa wameshafika ofisini, wanakunywa soda, na Bakar haonekani. Usi alimwamkia vizuri, akamkabidhi kikapu kutoka chini ya baraza. Kadi zote zimenyooka, alisema, na mpango wake uko vile vile. Bwana Abdulla alizishika akafurahi, kisha akauliza yuko wapi wa kuzilisha.

"Yumo fungate," alisema Usi.

"Fungate ya nani?"

"Ya binti yangu. Na wewe unajua bwana harusi hatoki nje mpaka siku saba zitimie."

Bwana Abdulla alisema hilo haliwezekani, wakubwa wamekaa wanasubiri, Bakar atolewe sasa hivi au Jozani iko palepale. Usi akamwambia kwa upole kwamba Jozani haina neno, atakwenda akishamaliza, na mkewe atamfuata. Ila aseme kwanza nani mwengine ofisini kwake anayejua kuiwasha.

Hakuwapo. Hapo Hamad Manowari alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, mikono ya kanzu imekunjwa, anasema asihangaike, mashine kama ile yeye aliiendesha mwenyewe melini usiku wa tufani.

Bwana Abdulla alimtazama Hamad, akatazama kikapu, akakikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kisha akakaa barazani pamoja nasi, akamwomba Mabrouk kahawa.